Miti Sita Nyuma ya Jikoni

Khasandi mwanangu,

Salamu sitakuandikia, maana tumeamkiana asubuhi na ilipofika saa nne tumegombana juu ya sanduku. Sasa umeenda Iguhu kumuaga kukhu wako, bibi yako, nami nimekaa mezani na daftari lako la Fomu Tatu, lile lililobaki na kurasa safi huku nyuma. Mvua bado haijaanza. Nataka nimalize kabla hujarudi, kwa sababu ukiingia uniulize, "Mama, unaandika nini?" nitasema naandika vitu vya dukani, na barua itaishia kwenye moto. Najijua.

Mambo ya kufunga mlango, ya kutoazima watu nguo zako, ya kukwepa wanaume wanaocheka hata pasipo kitu cha kuchekesha, hayo baba yako atakuambia kesho mkienda stendi, na shangazi yako wa Nakuru atayarudia mpaka uyaimbe. Mimi nina neno moja tu. Nimekaa nalo miaka mitatu na limenivundia tumboni.

Nimekuonea wivu, Khasandi. Sisemi ule wivu wa kuchekacheka, wa mama kusema eti siku hizi wasichana mna bahati. Nasema wivu wenyewe, ule wa mke mwenza. Baba yako hakuniolea mwenzangu, namshukuru Mungu, lakini mimi nilijitafutia. Nilikufanya wewe.

Acha nianze mbali kidogo ndipo unielewe, ingawa kueleweka si kusamehewa, na sikuombi hilo kwenye karatasi.

Baba yako alinioa nikiwa na miaka kumi na tisa. Mwezi wa pili akarudi Kitale, kwenye kazi yake ya bustani kwa mzungu mmoja mwenye shamba la matunda. Miaka tisa. Alikuwa anakujanga Krismasi na mwezi wa nane, na katikati zilikuja barua. Wanawake wenzangu wakipata barua walizisoma wakificha uso kwa leso. Mimi nikafungua zangu nikakuta: "Mwaka huu maua yamewahi." Maua gani? Ya nani? Mimi niko hapa na mtoto mwenye surua, mwanamume ananiandikia maua.

Aliporudi moja kwa moja ulikuwa na miaka minane. Siku hiyo nilioga mara mbili. Nilivaa kitenge kipya, nikachinja ingokho, yule kuku mwekundu, nikasonga obusuma, ugali wa mtama, kwa sababu ndio anaoupenda. Nikatoka hadi barabarani. Nikamwona anakuja, sanduku la nguo amemwachia mwenye mkokoteni, na yeye mwenyewe amekumbatia gunia bichi kifuani kwa mikono miwili. Hakuniambia hata "habari". Aliniuliza, "Maji yako wapi?" Nikadhani ana kiu. Kumbe wenye kiu walikuwa miche sita ya matufaha, mizizi imefungwa magazeti, imekaa pajani mwake kutoka Kitale.

Ingokho ikapoa. Ile firigisi, ambayo wewe wajua ni ya mwenye nyumba na mwanamke haigusi, niliitupia paka. Alipoiulizia nikamwambia kuku huyo hakuwa nayo. Alicheka mpaka akakohoa. "Kuku bila firigisi!" Mimi sikucheka.

Kesho yake akachimba mashimo sita nyuma ya jikoni. Nikaenda na mche mmoja mkononi, nikitaka tu kuushikilia wakati anafukia. Akanyoosha mkono akauchukua, polepole, hakuwa na ubaya. "Acha, Mama Khasandi. Mwanamke hapandangi mti kwa boma ya bwana yake. Watasema unanichimbia kaburi." Nililijua hilo. Kila mwanamke wa hapa analijua, amelelewa nalo. Nikarudi nyuma. Halafu wewe ukaja unakimbia na miguu yako ya matope, akakupa mche uleule ushike. Nikamwuliza, "Na huyo si mwanamke?" Akasema, "Huyu ni mtoto." Ulibaki umeushika, ulimi umeutoa nje kwa bidii, na mimi nikaenda kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Hapo ndipo kilipoanzia kitu changu. Ungekuwa mdogo au mkubwa zaidi labda kingepita.

Mkawa wawili. Alikufundisha kuacha katikati ya mti wazi kama sufuria isiyo na mfuniko, jua liingie. Alikufundisha kukata juu ya jicho la tawi, mshazari, maji yasikae. Na ule mchezo wenu wa majani! Matunda yakiisha, mnapanda mtini mnanyonyoa majani yote kwa mkono, moja moja, ili mti udhani baridi imefika, ulale, ukiamka utoe maua, maana huku kwetu hakuna baridi ya kuulaza. Majirani walisimama kwenye ua wakiuliza, "Mnanyonyoanga mti kama kuku, mtaupika na nini?" Mlicheka huko juu. Nikija na uji kicheko kinakoma, mnashuka, mnanywa, mnasema asante Mama. Nikirudi jikoni kinaanza tena. Sasa najua hamkuwa mnanicheka. Wakati ule ungeniapia kwa Biblia nisingekubali.

Mama yangu, huyo huyo kukhu uliyeenda kumuaga, alinilea nikijua kwamba msichana akipanda juu ya mti, mti hauzai. Nilipomkumbusha baba yako akasema, "Matufaha hayajui Kiluhya." Ukaliona ni neno tamu sana. Ulilisema wiki nzima.

Mwaka wa nne yakatoka matunda, saba. Alichuma la kwanza akalifuta kwa shati. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, mkono wangu nikaona umeanza kuinuka wenyewe. Akakupa wewe. "Onja, fundi." Uliuma, ukasema ni chachu, ukaninyooshea nami nionje. Nikasema meno yananiuma. Hayakuwa yananiuma, Khasandi. Nililitaka tufaha lile kuliko chakula, lakini nililitaka kutoka kwa mkono mwingine.

Halafu ule msumeno mdogo wa kukunja aliokununulia ulipopita kwenda Fomu Wani. Ulilala nao chini ya mto. Mimi miaka yote hiyo nilikuwa nimenunuliwa vitenge, na vizuri, sikatai. Lakini kitenge mtu anampa hata shemeji.

Nimefika penyewe sasa. Unakumbuka ule mwaka baada ya kura ya vyama vingi, baba yako aliitwa tena Kitale kusaidia, akasema ni miezi mitatu, ikawa mwaka na nusu. Wewe uko bweni. Miti ikajiotea inavyotaka. Matawi yakashikana, yakalalia paa la jikoni, nikawa napika mchana na koroboi. Nikamwandikia baba yako nikamwuliza nifanyeje. Barua ilirudi na karatasi mbili. Ya kwangu ilikuwa mistari mitatu: salamu, mbegu ziko darini, usiiguse miti, ngoja Khasandi afunge shule. Ya pili ilikuwa yako, imejaa mbele na nyuma, na michoro ya matawi, hili kata, hili acha.

Nilikupa karatasi yako ulipofunga shule mwezi wa nne. Sikukwambia kwamba niliisoma mara nne.

Ulifanya kazi ile siku tatu, peke yako, ukiwa na miaka kumi na sita. Nilikuwa nakutazama kupitia dirisha la jikoni. Ulikata yale matawi makubwa yaliyokuwa yamekosana njia, moja moja, unashuka, unatazama, unapanda tena. Uliponyamaza unafikiri ulikuwa baba yako kabisa, hata kile kidole cha kukuna shingo. Siku ya tatu jioni mwanga ukaingia jikoni nikaona masizi ya ukutani ambayo nilikuwa nimeyasahau. Majirani wakaja kuona. Mwenye duka akasema, "Huyu msichana ana mkono! Mzee akirudi atachinja ng'ombe." Wewe ukainama tu. Ukarudi shule.

Nikabaki na miti yenu mizuri na hilo neno la ng'ombe.

Wiki iliyofuata nilichukua panga. Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu nataka nisiseme uongo hata upande ule wa kujiumiza. Sikutaka kuiua. Haki ya Mungu sikutaka. Nilitaka baba yako arudi, atazame, aulize, "Na hapa ni nani amesafisha hivi?" na jibu liwe mimi. Ulikuwa umeacha vile vijitawi vifupifupi, vyenye vifundo kama vidole vya mzee mwenye baridi yabisi, vimejaa kila tawi. Niliviona vibaya. Nikasema kumbe mtoto hakumaliza kazi. Nikakunja kitenge nikapanda, mimi, mke wa mtu, mchana wa jua, nikavikwangua vyote, mti wa kwanza mpaka wa sita. Na ncha za matawi nikazikata zilingane, kama ninavyokata ua. Niliposhuka nilikuwa nimechubuka mapaja na nilikuwa na furaha, nakwambia. Nilijiona na mimi ni fundi.

Ni wewe baadaye, ulipofundishwa kilimo shuleni, bila kujua unamwambia nani, uliyenieleza kwamba tufaha huzaa kwenye vile vifundo. Kwamba kifundo kimoja kinachukua miaka kujitengeneza.

Uliporudi mwezi wa nane miti ilikuwa imetoa fimbo, fimbo tupu, zimesimama wima kwenda juu, majani mengi yamefunika vidonda vyangu. Ua halikuwepo hata moja. Ulizunguka shina kwa shina. Ulitoa ile karatasi ya baba yako, ukasoma, ukatazama mti, ukasoma. Nilikuwa nachambua mboga mlangoni. Ukaja ukasimama mbele yangu, midomo mikavu, ukauliza, "Mama, nimekosea wapi?"

Hapo, Khasandi. Hapo nilikuwa na nafasi. Mboga ziko mkononi, mtoto wangu yuko mbele yangu, na maneno mawili tu yalitosha. Nikasema, "Si nilikuambia? Kukhu wako alisema, msichana akipanda mti hauzai."

Wewe ambaye ulikuwa umecheka neno hilo tangu udogo, siku hiyo hukucheka. Ulinitazama ili uone kama natania. Sikutania. Ukaenda ukaning'iniza ule msumeno kwenye msumari wa stoo, na tangu siku hiyo sijakuona ukishika hata tawi la mpera.

Baba yako aliporudi nilimwambia hivyo hivyo. Alizunguka miti, akipapasa vidonda. Jioni akakuita akakwambia uache miti, ushike masomo. Ulisema "ndiyo Baba" kwa sauti ndogo. Na mimi niliyekuwa nangojea miaka yote hiyo nyinyi wawili muachane kidogo nipate nafasi ya kupita, nilipata nafasi, na hakuna aliyepita hapo. Yeye alikwenda kwenye miti peke yake na wewe ukaenda kwenye vitabu. Jikoni nikawa nasikia redio ya jirani.

Wanasema mficha uchi hazai. Nimeisikia methali hiyo kwenye harusi na matanga tangu nazaliwa, na sikuwahi kuifikiria mpaka siku ya wazazi shuleni kwenu, ukiwa Fomu Foo. Mwalimu wako wa kilimo alinivuta kando. Akasema, mama, huyu ndiye mwanafunzi wangu bora, nimemwambia ajaze chuo cha kilimo, amekataa, amejaza uhazili. Nimemwuliza kwa nini. Akasema, "Mwalimu, mikono yangu inauanga miti."

Nilishika ukuta. Mwalimu akadhani ni jua, akaniletea kiti. Hata hapo sikusema! Nilikunywa soda yake nikasema watoto wa siku hizi wana mambo.

Sitakufundisha kitu juu ya wivu. Watu husema wivu ni moto, sijui ni kidonda. Wangu ulikuwa kama njaa ya mtu aliyeketi karibu na chakula na hakuna aliyemkataza kula. Ningeweza kuomba. Ningeweza kusema, "Baba Khasandi, nami nifundishe." Labda angesema hapana kwa ajili ya mila. Labda angesema panda, matufaha hayajui Kiluhya. Sikumwuliza hata siku moja, kwa sababu nilitaka ajue mwenyewe. Hilo ndilo kosa langu lililozaa mengine yote: kumnunia mtu kwa sababu hakusikia nisichokisema.

Juma lililopita nilikutana na mwalimu wako sokoni Kakamega. Nikamwuliza, kama mtu anayeulizia bei ya nyanya, kama ule mlango wa chuo umefungwa. Akasema bado, mpaka mwisho wa mwezi, na kwa alama zako watakuchukua. Alinipa fomu. Nimeikunja ndani ya barua hii. Sijaandika jina. Ukienda Nakuru kuchapa taipu kwa sababu unataka kuchapa taipu, nenda, nitajivuna na nitawaambia wanawake wa kanisani kwamba mtoto wangu anakaa ofisini. Lakini usiende kwa sababu ya mikono yako. Mikono yako haijaua kitu. Iliyokata vifundo ni hii inayoandika.

Basi. Ningeweza kukomea hapa, na ungedhani mama yako amekuwa mtu mwema leo. Kuna la asubuhi.

Baada ya ule ugomvi wetu wa sanduku nilitoka nyuma kupoza hasira. Nikamkuta baba yako amesimama juu ya kiti cha jikoni, lile goti lake linatetemeka, anajaribu kupogoa. Miti imemshinda tangu goti lilipoharibika, imeota imekuwa kichaka tena, na hataki kumwita mtu. Nikakishika kiti. Nikazungumza na mgongo wake, usoni nisingeweza.

"Baba Khasandi, si mtoto aliharibu hii miti. Ni mimi."

Hakugeuka. Alimaliza tawi alilokuwa akilikata, likaanguka.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Vidonda vyote vya panga vilikuwa vimelalia upande mmoja. Kwa hii boma nani mwingine anakatanga na mkono wa kushoto?"

"Tangu lini?"

"Siku ile nilirudi."

Nikamwuliza mbona basi alinyamaza, mbona alikutoa wewe kwenye miti na hali alijua. Alishuka taratibu, akakaa kwenye kile kiti, akaweka msumeno magotini. Unajua anavyokawia kusema.

"Ningesema nini? Nikuaibishe mbele ya mtoto? Miaka tisa nilikuacha hapa peke yako, Mama Khasandi. Sikuwahi kukulipa hiyo. Nikaona nikisema ukweli utabaki bila uso kwa nyumba yako mwenyewe, na nikinyamaza mtoto ataumia kidogo, apone. Nikachagua wewe."

Nikachagua wewe. Nimengojea neno hilo tangu nilipokuwa na kitenge kipya barabarani. Na nikwambie, mwanangu, kwa kuwa leo nimeapa kutoficha: sikukufikiria wewe kwanza. Nilifurahi. Nilisimama pale, mwanamke mzima mwenye mvi, nikafurahi kama msichana wa miaka kumi na tisa, nikataka hata kucheka. Kumbe ni mimi. Kumbe siku zote hizo ni mimi.

Halafu nikakusikia ndani, unahangaika peke yako na lile sanduku, unalikalia lifunge, ndipo nikakumbuka lile deni la miaka tisa alililipa na nini.

Nimeacha barua hii juu ya nguo zako.

Mama yako,
Rosa